Gunia la Maganga

Ninyi walimu wapya mkiingia darasani mnatazama ubao kwanza. Mimi nilikuwa natazama mikeka. Chekechea yetu haikuwa na madawati, wala hivi viti vidogo vya rangi ninavyoviona nikipita shuleni kwenu. Tulikuwa na mikeka ya ukindu tuliyosuka wenyewe, na mtoto alikaa alipotaka. Basi asubuhi, kabla sijasema hata neno, nilikuwa nimeshajua nani kagombana na nani, nani kaja na andazi mfukoni, na nani leo hatakiwi. Mtoto wa miaka minne hajui kuficha. Asipomtaka mtu anasogeza makalio yake pembeni, na mkeka ukimwishia anakaa kwenye vumbi.

Nasema haya kwa sababu ya Rehema, mwenzenu anayefundisha awali huko Dimani. Alikuja kwangu juzi kavimba kwa hasira. Darasani kwake ameletwa mtoto wa wafugaji, na wenzake hawataki kukaa naye. Ameshawaimbisha nyimbo za umoja mpaka sauti imemkauka. Wanaimba vizuri, wanapiga na makofi, kisha wanarudi kukaa mbali na yule mtoto. Nikacheka sana. Akadhani namcheka yeye, akataka kuondoka. Nikamwambia kaa mwanangu, uji upo jikoni, nina jambo la kukueleza. Niliyomweleza siku ile ndiyo haya, ila yeye alipata na uji.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa hapa Bungu. Nilipangiwa kituo cha kulelea watoto huko delta, kwenye mikoko, mimi msichana wa Kibiti niliyezoea ardhi ngumu. Siku ya kufika maji yalikuwa yamekupwa. Mwenye mtumbwi akaniambia teremka hapa hapa, utatembea. Nikateremka na viatu vyangu vya mchuchumio, ndiyo, cheka tu, nikazama kwenye tope mpaka magotini, na hatua iliyofuata nikaanguka kifudifudi mbele ya watoto wote wa kijiji waliokuja kumpokea mwalimu. Kiatu kimoja kipo huko mpaka leo.

Watoto wale wakaamua kwamba watu wa Kibiti hawajui kutembea. Hawakusema mwalimu hajui kutembea. Walisema watu wa Kibiti, wote, na mama zao na babu zao. Baadaye akaja bwana afya, naye ametokea huku huku kwetu, na kitoto kimoja kikamkimbilia kumshika mkono asije akaanguka. Bwana afya akapita kwenye tope lile bila kuyumba, suruali kaikunja vizuri. Mnadhani watoto walikubali kwamba wamekosea? Walisema yule si mtu wa Kibiti hasa.

Jambo hilo nilitembea nalo miaka yote ya kazi. Mtoto mdogo akishamwona mtu mmoja ameshaliona kabila zima, na ukimletea mwingine wa kumsahihisha, anamtoa huyo kwenye kabila. Msipoteze pumzi yenu kubishana naye.

Aliyenifunza kazi hasa ni Bi Tatu, niliyemkuta hapa nilipohamishwa. Alikuwa mlezi wa watoto tangu siku za vijiji vya ujamaa, mwanamke wa maneno, mwenye goti bovu na sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Msidhani alikuwa anajua kila kitu. Aliamini mtoto anayetumia mkono wa kushoto afungwe kitambaa, tukagombana kwa ajili hiyo mpaka akanuna wiki nzima. Uji wake uliungua siku nyingi kuliko siku ambazo haukuungua. Lakini mambo mawili aliyonipa sijawahi kuyaacha.

La kwanza, mtoto mgeni anayelia usimbembeleze, mpe kazi ya kugawa vikombe. Mgawaji wa vikombe anapendwa na kila mtu, hata na wale wasiompenda. La pili, usiwaulize watoto wanafikiri nini, maana watakujibu unachotaka kusikia. Chukua ufagio ukafagie karibu na wanapocheza. Mtu anayefagia hawamwoni. Nimemaliza fagio nyingi sana, wanangu, na uwanja wetu haukuwa mchafu kiasi hicho.

Bi Tatu alipostaafu hakwenda mbali. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya ua wa chekechea, na asubuhi alikaa kibarazani kwake akichana ukindu na kunisahihisha kwa sauti. Mjukuu wake, Pili, alikuwa mtoto wangu wa mkekani, miaka mitano, msemaji kama bibi yake. Alichosema Pili asubuhi, mchana kilikuwa kinasemwa na watoto wote.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Mitumba ikamwagika barabarani, malori yakaanza kupita mchana kutwa, na korosho, ambazo zamani tulikuwa tukiuza kwenye ushirika tu, zikaanza kununuliwa na watu binafsi. Mnunuzi mmoja akafungua ghala karibu nasi, akaleta vibarua wake kutoka kila pembe ya nchi. Mmoja wao alikuwa Maganga, Mnyamwezi wa Urambo, mtu mrefu mwenye mabega ya kubebea magunia, na kweli hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuja na mkewe, mwanamke mkimya sana, na binti yao Kabula.

Sasa mnajua, au kama hamjui mwambiwe, sisi Wandengereko wa pwani na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Wao walikuwa wakiteremka na mizigo kichwani, sisi tukiwacheka kwa upagazi wao, wao wakitucheka kwa kupenda ngoma na kula. Maganga alifika hapa asubuhi hamjui mtu. Ilipofika jioni alikuwa na kijiji kizima cha kutukana. Vibarua wenzake walikaa peke yao ghalani miezi na miezi, yeye alikuwa anaalikwa futari.

Kila asubuhi alipita kwenye ua wetu akienda kazini, gunia tupu begani, na alisimama.

"Bi Tatu, shikamoo. Leo nimetumwa watoto. Wandengereko mnazaa wanene, gunia hili linajaa upesi."

"Marahaba, mpagazi. Chukua tu, babu yako alibeba vya watu mpaka shingo ikaingia kifuani. Anza na huyo mwalimu, anakula sana."

Akina mama waliokuwa wanaleta watoto walicheka mpaka wakashikilia ua. Nami nilicheka. Ilikuwa asubuhi nzuri ikianza hivyo. Maganga alifungua mdomo wa gunia, akatazama huku na huku, akamwonyesha mtoto mmoja kidole, akasema huyu kesho, akaenda zake.

Kilichonifungua macho ni mikeka. Kabula alikuwa na mkeka peke yake. Wenzake walijibana kwenye mikeka mingine, miguu ya huyu juu ya mapaja ya yule, na mkeka ule mkubwa kakaa yeye na mdudu. Tukicheza mchezo wa kushikana mikono duara lilikatika kwake. Nikampa vikombe agawe, kama nilivyofundishwa, na kwa mara ya kwanza dawa ya Bi Tatu ikashindwa. Watoto walikunja mikono nyuma, wakangoja mimi niwape.

Alikuwa mtoto safi, Kiswahili chake kizuri, na alipokuja alikuwa na tabia ya kujiimbia polepole. Kuimba kukaisha. Uji wake akawa anauchukua nyuma ya jiko na kuwamwagia kuku. Iliniuma sana, kwa sababu unga ule ulichangwa na wazazi kwa shida, na kwa sababu alikuwa anawamwagia kuku huku akizungumza nao.

Nikafanya kama Rehema. Niliwaimbisha. Nikawaambia sisi sote ni ndugu, nchi yetu ni moja, wakaitikia kwa nguvu mpaka Bi Tatu akapiga kelele huko kibarazani kwamba wamemwamsha. Siku moja nikamlazimisha Pili amshike Kabula mkono. Akaushika, ila kwanza alivuta mkono wa gauni lake mpaka ukafunika vidole. Basi nikachukua ufagio.

Walikuwa wanacheza nyumba, Pili ndiye mama. Kitoto kimoja kikauliza, kwa sauti ya kutaka kujua tu, bila ubaya wowote:

"Kabula ni Mnyamwezi au mtu?"

Pili akafikiri. Alikuwa mtoto wa haki, hakupenda kujibu ovyo.

"Saa hizi mtu," akasema. "Akikua atapewa gunia lake."

Niliacha kufagia. Hakuna aliyewafundisha kumchukia Kabula. Hakuna mtu mzima pale aliyekuwa na chuki. Walikuwa wamesikia tu, kila siku asubuhi, mtu mkubwa akisema atawatia guniani, na mama zao wakisema chukua. Sisi tulikuwa tunaona macho ya Maganga yanavyocheka. Wao kwa urefu wao walikuwa wanaona gunia.

Jioni ile ile mama Kabula akaja kwangu. Sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu. Watu walimtania njiani kama walivyomtania mumewe, naye alitazama chini akapita. Akakaa, akakataa chai, akaniambia kwamba Kabula amemuuliza kama ni kweli baba anauza watoto. Tena akamuuliza wale waliouzwa walikuwa wangapi na kama mmojawapo alikuwa ndugu yake. Hata kubebwa na baba yake siku hizi anakataa, na zamani alikuwa halali mpaka abebwe.

"Mwalimu, mume wangu hapa ana raha yake na mimi simnyimi," alisema. "Lakini mwanangu anamwogopa baba yake. Korosho zikipungua ghalani narudi naye Urambo. Yeye atabaki na watani zake."

Mnaona ilipofika. Mtoto wa watu alikuwa anakaribia kukua bila baba kwa ajili ya maneno ambayo sisi tulikuwa tunayachekea.

Nikamfuata Maganga. Nilimweleza taratibu, yale ya mkeka, yale ya vikombe, na mwisho lile la kubebwa. Hilo la mwisho lilimkaa vibaya. Alikuwa amedhani mtoto amekua tu. Akakaa juu ya gunia la korosho, akasema:

"Nitaacha, mwalimu. Ila ujue, nisipotania hapa mimi ni kibarua wa mtu tu. Sina ndugu."

Akaacha kweli. Na hapo ndipo tulipoharibu zaidi. Asubuhi Maganga alipita kimya, uso kaukaza, gunia begani, hatutazami. Watoto wakafa ganzi. Walikuwa wamezoea anasema kesho, na sasa hasemi tena, kwa hiyo kwa hesabu yao ile kesho ilikuwa imefika. Mmoja akajikojolea. Wengine wakajificha nyuma ya jiko, na aliyebaki uwanjani peke yake ni Kabula, anamtazama baba yake akipita na baba anajitahidi asimtazame.

Bi Tatu akaniita kibarazani. Alikuwa kakasirika kama siku ya kitambaa cha mkono wa kushoto.

"Umemfunga mtani mdomo? Nani kakwambia utani unatibiwa kwa kununa? Watoto wameona nusu. Wanasikia matusi tu, hawajaona mtani anafaa nini. Mlete mkekani, nije nimtukane mbele yao polepole, waone anavyojibu, waone tunavyokula pamoja."

Nikaona ana akili. Tukapanga iwe Jumatatu. Maganga tulipomwambia alifurahi kama aliyepata barua ya nyumbani. Lakini Bi Tatu akashikwa na homa, tukadhani ni ile ile ya kila mwaka ya mvua, na Jumatatu ilipofika tulikuwa tumeshamzika.

Sitaki kuwasimulia nilivyolia. Nililia. Hata yale maneno yake ya kibarazani kwamba uji umeungua, ilhali enzi zake aliuunguza yeye, niliyatafuta masikioni asubuhi nikayakosa.

Kwetu watoto wadogo hawapelekwi msibani. Wakati wa mazishi na matanga majirani waliniletea watoto kama siku nyingine, na Pili akiwemo, ili watu wazima wapate nafasi. Lakini msiba ulikuwa ng'ambo ya ua. Kila kilio kilifika mkekani. Pili alikaa ameelekea ule ua, na yeye aliyekuwa haishi maneno hakusema lolote. Nikawaza, hawa nao wamewekwa pale pale, wasikie na wasione. Siku moja baada ya mazishi nikawapanga mstari, mkono kwa mkono, nikawaingiza uwanjani kwa Bi Tatu. Mama mmoja akaniambia mwalimu umechanganyikiwa, watoto hawaletwi hapa. Nikamjibu nimechanganyikiwa ndiyo, nisogezee mkeka.

Tulipokaa tu, Maganga akatokea njiani. Tangu siku ya kwanza ya msiba hakukanyaga ghalani. Yeye ni mmojawapo wa waliochimba kaburi, ndiye aliyekata kuni, na maji ya msiba mzima yalipita kichwani kwake. Wakati ule, kama mtani anavyomwigiza marehemu msibani, alikuwa kajifunga kanga ya Bi Tatu kiunoni, nyingine kajitanda kichwani, anachechemea kwa goti lile lile bovu. Na mgongoni alikuwa na gunia, limejaa.

"Nani kaleta watoto huku?" akaita, kwa sauti ya Bi Tatu hasa. "Mwalimu mvivu wewe, umeacha uji unaungua, nasikia harufu mpaka nilipo."

Wanawake walicheka huku wanalia. Mimi nililia huku nacheka, sijui kipi kilitangulia. Lakini watoto hawakucheka. Walikuwa wanalitazama gunia. Lilikuwa limejaa, na wao hawajawahi kuliona limejaa. Walinishika kanga mpaka ikanivuka begani.

Pili akasimama. Akatembea mpaka mbele ya Maganga, akainua uso.

"Bibi yangu umemtia humo?"

Maganga akashusha gunia, akavua ile kanga ya kichwani, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa Pili. Akafungua kamba, akainamisha gunia, ikamwagika mihogo, mihogo mibichi yenye udongo wake, aliyoitoa shambani kwa ajili ya sufuria za msiba. Akalikung'uta, akampa Pili alishike.

Pili akaingiza kichwa. Kisha akaingia mwenyewe mpaka kiunoni, tukabaki tunaona miguu. Alipotoka nywele zilikuwa zimejaa vumbi.

"Hamna kitu," akawatangazia wenzake. Kisha akamgeukia Maganga, maana kazi ilikuwa haijaisha. "Na wale watoto?"

"Niliwarudisha kwao," Maganga akasema. "Wanajamba sana njiani, mgongo wote ulikuwa unanuka."

Wanangu, ninyi mmesoma saikolojia ya mtoto. Hakuna neno linalomfungua mtoto wa miaka mitano kuliko hilo. Walianza kucheka mmoja mmoja, kisha wote, wakagaragara kwenye mkeka wa matanga, na Pili alicheka mpaka akaanza kulia, akalia kilio alichokuwa hajakitoa. Akakilia kifuani kwa Maganga, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

Kabula alikuwa amesimama na mama yake penye sufuria. Akaja polepole. Naye akafungua gunia, akatazama ndani muda mrefu kuliko wote, akaingiza mkono akapapasa mpaka kwenye pembe. Halafu akaliacha, akazunguka nyuma ya baba yake na kumpanda mgongoni.

Kuanzia hapo nilifundisha utani kama nilivyofundisha kuhesabu. Mtu unamtania usoni, humtanii kwa nyuma. Unamtania anayeweza kukujibu. Akijibu hukasiriki. Akilia, unaacha. Akipatwa na jambo, unakwenda. Maganga alikuwa anaingia mkekani asubuhi, na watoto wanamjibu, vibaya sana mwanzoni. Mmoja alijipanga, akavuta pumzi, akamwambia, "Wewe Maganga, wewe ni ndizi." Maganga akalala chini kama kapigwa. Siku hizo hatukusoma herufi nyingi, nakiri, lakini duara letu la mikono halikukatika.

Rehema aliponisikiliza mpaka hapa akaniuliza, "Bibi, sasa sisi na wafugaji si watani, mimi nitafanyaje?" Nikamwambia sijui. Sijui watoto wake wamesikia nini, wala wamekisikia wapi, na siwezi kujua nikiwa nimekaa hapa kwangu. Akanunue ufagio.

Nimalizie la mama Kabula, maana hakubadili nia. Aliona yote ya msibani, akashukuru, lakini safari aliipanga pale pale. Siku yenyewe alimleta Kabula aage wenzake wakati yeye anafunga mizigo, basi la asubuhi likifika ampitie. Sikuwa na la kumzuia. Mtu akitaka kurudi kwao, utamwambia nini?

Ulikuwa wakati wa uji, na nilimpa Kabula upawa agawe yeye, kwa kuwa ni siku yake ya mwisho. Akachota, akauinua juu, akausimamisha hapo hapo. Watoto wamenyoosha vikombe.

"Wandengereko hawapati uji," akasema, "mpaka wacheze ngoma."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti. Pili akatazama upawa, akatazama wenzake, akaweka kikombe kichwani na kuanza kukata kiuno. Wote wakafuata. Nami nikacheza, msiniulize, upawa ulikuwa juu na njaa ilikuwepo.

Mama Kabula akatokea penye ua katikati ya vurugu ile. Alikuwa na furushi kubwa kichwani na mkoba begani. Pili akamwona wa kwanza, akaacha kucheza, akamtazama yeye, akautazama mzigo. Nilijua kitakachotoka mdomoni mwake na sikuwahi kuuziba.

"Mpagazi," Pili akasema, "tua mzigo."

Niliomba Mungu anifiche. Kwa mwanamke ambaye hakuwahi kumjibu mtu kijiji kizima, siku ya kuondoka kwake, neno lile. Alimtazama Pili. Akamtazama mwanawe na upawa wake juu. Huko barabarani basi likapiga honi mara mbili, halafu tukalisikia linaondoka kuelekea Kibiti.

Akainama, akalishusha furushi chini, akaja akakaa kwenye mkeka katikati ya watoto, miguu kainyoosha.

"Nimetua," akasema. "Sasa nani atanipa uji? Au Wandengereko mnajua kula tu, kukaribisha hamjui?"

Pili akatoa kikombe chake kichwani, akampa. Kabula akamjazia mpaka ukamwagika.